ALBERT COONS: DAKTARI ALIYEIFUNGA KINGAMWILI TAA

Kila mwaka kurasa hizi huwasifu marais, majemadari na wanariadha. Mwaka huu nimeonelea niwaletee daktari mmoja wa Marekani, Albert Hewett Coons. Huko maabarani jina lake ni kubwa, ingawa huku kwetu halitajwi sana.

Coons alizaliwa mwaka wa 1912 katika mji mdogo wa Gloversville, jimbo la New York. Alisomea udaktari Harvard, akahitimu mwaka wa 1937. Mwaka wa 1939 alizuru Berlin, Ujerumani, na huko ndiko alikoanza kusumbuliwa na swali moja. Kuna homa ambayo huanza na maumivu ya koo tu, kisha ikaja kuharibu moyo wa mtoto. Ilidhaniwa kwamba sumu ya bakteria wa kooni na kingamwili hukutana mle ndani ya moyo. Lakini nani alikuwa ameviona vikikutana? Hakuna hata mmoja.

Wacha nieleze kidogo. Mwili ukivamiwa na viini vya ugonjwa, hutengeneza protini ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili humtambua adui wake na kumnata yeye tu, kama ufunguo na kufuli yake. Shida ni kwamba ni ndogo mno, hata kwa hadubini huzioni. Basi Coons akawaza: kwani kingamwili ikifungwa taa mgongoni, si itatuonyesha adui alikojificha?

Rangi za kawaida zilikuwa zimejaribiwa na wengine, lakini zilififia mno. Ilibidi apate kemikali inayong'aa yenyewe ikimulikwa na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho. Yeye alikuwa daktari, si mwanakemia, lakini hakuona haya kuomba msaada. Alishirikiana na wanakemia, miongoni mwao Hugh Creech na Norman Jones. Mwaka wa 1941 walifaulu: bakteria wa nimonia waling'aa buluu chini ya hadubini.

Furaha hiyo ilikuwa nusu tu. Nyama ya mwili nayo ikimulikwa hivyo hutoa mwanga wa kibuluubuluu. Sasa utajuaje lipi ni lipi? Ilikuwa kama kumtafuta mwanafunzi mmoja paredi, na wote wamevaa sweta moja!

Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Hakulitupa wazo lake, alibadilisha rangi. Alichukua fluoresini, ambayo hung'aa kijani. Kuiandaa kulihitaji gesi ya fosijini, ile ile iliyoua askari wengi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilikuwa kazi ya hatari, lakini mwaka wa 1942 yeye na wenzake walionyesha mahali hasa palipokuwa na mabaki ya bakteria ndani ya viungo vya panya.

Mara Vita vya Pili vikamwita jeshini na kazi ikasimama. Aliporudi aliishika palepale alipoiachia. Mwaka wa 1950, pamoja na Melvin Kaplan, alichapisha njia iliyoboreshwa, na watafiti wa nchi nyingi wakaifuata. Alipewa tuzo ya Lasker mwaka wa 1959, akafariki mwaka wa 1978.

Lakini taa yake haikuzimika. Ubongo wetu hutumia peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, kupelekea habari kutoka neva moja hadi nyingine. Zamani watafiti waliusaga ubongo wa mnyama na kupima peptidi zilizomo, bila kujua zilitoka seli gani. Katika miaka ya 1970, Tomas Hökfelt na wenzake huko Stockholm, Uswidi, walitumia kingamwili zenye mwanga. Walionyesha kwamba peptidi iitwayo dutu P imo ndani ya neva zinazopeleka habari za maumivu kwenye uti wa mgongo. Ukichomwa na mwiba, hao ndio matarishi wako!

Na msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa akimuuma mtu, ubongo wa mbwa huyo hupimwa kwa njia hii hii. Kingamwili ziking'aa kijani, virusi vimo. Kwa aliyeumwa, jibu hilo si mchezo, maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili ni vigumu mno kupona.

Sisi wa kidato cha tatu tunazunguka watano watano kwenye hadubini moja, na wengine wetu husema ati sayansi ni ya waliozaliwa na akili nyingi. Mimi nakataa. Coons alikuwa na swali, alikuwa na marafiki waliojua asichokijua, na rangi ya kwanza ilipomkatalia alitafuta ya pili. Mvumilivu hula mbivu. Swali hata sisi tunaweza kuuliza. Kazi kwenu, wenzangu!