Jules Verne na Mashini Zake

Mara hii ukurasa wa maisha ya watu wakubwa unamuleta Jules Verne. Wengi wetu tunamujua kwa masomo ya Kifaransa: ni yule aliyeandika juu ya safari ya mwezini, ya kushuka katikati ya dunia, na ya Nautilus, mashua inayotembea chini ya bahari. Lakini kuko jambo ambalo vitabu vya masomo havielezi sana. Vitu vile alivyovitunga kwa wino, watu wengine walivitengeneza kwa mbao na chuma, na leo mutu akilipa tiketi anaweza kuvipanda.

Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 kule Nantes, muji wa bandari katika Ufaransa. Baba yake alikuwa avoka, akataka mutoto naye awe avoka. Kijana alienda Paris, akasoma sheria, lakini moyo ulikuwa kwenye teatre. Akakuwa sekretere wa nyumba moja ya teatre, kisha akafanya kazi ya bursi ili kulisha bibi na watoto. Alikuwa na miaka 34 wakati riwaya yake ya kwanza ilitoka, mwaka wa 1863. Inasimulia Wazungu watatu wanaoondoka Zanzibar katika baloni na kuvuka Afrika mpaka Senegal. Mwenyewe hakufika Zanzibar hata siku moja. Alisoma tu habari za wasafiri, na njo sababu watu wetu wanasemwa vibaya katika kitabu kile. Tusifiche hii.

Nguvu yake ilikuwa hesabu. Hakuandika tu kama Nautilus ni kubwa. Aliandika kama ina metre 70 za urefu na 8 za upana, na inaendeshwa na umeme. Muzinga wake wa kutupa watu mwezini una urefu wa futi 900, ni kusema metre 270 na zaidi, umesimama ndani ya shimo katika Florida. Sisi wa Kolwezi, tunaoona mashimo kila siku, tunaweza kupima jambo lile kwa macho. Ni kweli, mutu akirushwa na baruti ya namna ile angekufa palepale. Hata hivi, fundi akisoma kurasa zile anakuta vipimo, anaweza kuanza kazi.

Yeye mwenyewe alipenda maonyesho. Mwaka wa 1874 hadithi yake ya kuzunguka dunia kwa siku 80 ilichezwa Paris, na tembo wa kweli aliingia mbele ya watu. Wakati ule alikuwa amehamia Amiens. Mwaka wa 1886 mutoto wa ndugu yake, aliyekuwa na ugonjwa wa akili, alimupiga risasi ya muguu, akachechemea mpaka kufa. Miaka miwili nyuma akachaguliwa katika baraza la muji, na mwaka wa 1889 ni yeye aliyesema hotuba ya kufungua nyumba mupya ya sarakasi ya Amiens.

Alikuwa angali muzima wakati Frederic Thompson alionyesha safari ya mwezini katika maonyesho ya Buffalo, Marekani, mwaka wa 1901. Watu waliingia katika merikebu yenye mabawa. Ilitikisika, upepo ukavuma, na picha zikapitishwa mpaka wakaona kama dunia inabaki chini. Merikebu haikuondoka mahali pake! Iliitwa Luna, na mwaka wa 1903 bustani ya michezo iliyofunguliwa New York ikaitwa Luna Park. Tangu pale jina lile lilienea katika miji mingi ya dunia.

Verne alikufa Amiens tarehe 24 Machi 1905. Mashini zake ziliendelea. Walt Disney alitoa filimu ya Nautilus mwaka wa 1954, na vyumba vilivyojengwa kwa filimu viliwekwa katika bustani yake ya California tangu 1955 mpaka 1966, watu wakapita ndani. Tangu 1971 mpaka 1994, kule Florida, walipanda mashua zenyewe. Siri yake ni hii: hazikuzama. Watu walikaa chini ya usawa wa maji, mapovu yakapanda mbele ya madirisha, na kichwa kikakubali kama tunashuka. Karibu na Paris, Nautilus ingine iliwekwa mwaka wa 1994, na mwaka wa 1995 ukaja muzinga. Pale hakuna baruti. Gari linasukumwa juu kwa mutambo.

Kazi zile ni za akili sana, lakini zinaficha fundi. Mimi ninapenda zaidi ya Nantes, muji wake wa kuzaliwa. Kiwanda cha kutengeneza meli kule kilifungwa mwaka wa 1987, na mafundi wakabaki bila kazi. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza sana habari ya kampani inayoanguka na baba anayerudi nyumbani na mikono mitupu. Mwaka wa 2007, palepale penye kiwanda, François Delarozière na Pierre Orefice walileta tembo wa mbao na chuma, urefu wa kwenda juu metre 12, uzito zaidi ya tani 48. Verne alikuwa ameandika mwaka wa 1880 juu ya tembo wa chuma anayevuta nyumba katika India.

Tembo wa Nantes hafichi kitu. Mutu anaona viungo, anaona pampu za mafuta zinazosukuma miguu, sawa zile zinazoinua sanduku la kamyo kubwa za mungoti, anaona hata mwenye kuendesha. Kwetu kuko wanafunzi wanaozania kama fundi wa kuunganisha vyuma ni mutu aliyeshindwa masomo, na wanacheka kalasi za ufundi. Wangeenda kumuuliza tembo yule nani alimutembeza: mwandishi peke yake, ao mwenye kushika moto na chuma? Anabeba watu karibu 50 kwa mara moja, anatembea polepole kupita mahali meli zilijengwa, na mukonga wake unatupia watoto maji.