Fanny Crosby: Mtunzi Aliyewaendea Waliosahauliwa

Katika miaka 25 ya kwaya yetu, huenda hakuna wimbo tuliouimba mara nyingi kuliko Usinipite Mwokozi. Tumeuimba kwenye matanga, kwenye Meza ya Bwana na kwenye kesha. Ni wachache wetu wanaojua kwamba chanzo chake ni gerezani.

Mtunzi wake, Fanny Crosby, alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na majuma sita aliugua macho, akapoteza uwezo wa kuona. Baba yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na mama akalazimika kufanya kazi katika nyumba za watu. Nyanya yake ndiye aliyemlea na kumfundisha Biblia, hata akakariri vitabu vizima. Mwaka 1835 aliingia shule ya wasioona mjini New York, na baadaye akawa mwalimu papo hapo. Mashairi yake yalimpa jina. Akasimama mbele ya wabunge mjini Washington na kufahamiana na marais.

Angeweza kutulia miongoni mwa wakubwa. Lakini mwaka 1849, kipindupindu kilipoingia mjini, alibaki kusaidia kuuguza wagonjwa. Tangu 1864 alitunga nyimbo za injili zaidi ya 8,000. Malipo yalikuwa dola moja au mbili kwa wimbo, na mengi aliwagawia wahitaji. Yeye mwenyewe alipanga vyumba katika mitaa ya maskini, Manhattan.

Mwaka 1868 alikwenda kuzungumza na wafungwa. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alipaza sauti, akimsihi Bwana asimwache nyuma. Kilio hicho hakikumtoka Fanny moyoni, akakitungia wimbo. Miaka iliyofuata alizidi kwenda kwenye misheni za mitaa duni kama Bowery, akiketi na walevi na wasio na makao. Hakuwakemea, aliamini kwamba aliyeanguka anahitaji kupendwa kwanza. Alilala katika Bwana tarehe 12 Februari 1915, akikaribia miaka 95.

Sisi wanakwaya, maisha haya yanatugusa. Tumeimba kwenye harusi za wenzetu, kwenye harambee na kwenye mashindano ya kwaya, na tunamshukuru Mungu. Lakini kila Jumamosi tukienda mazoezini tunapita lango la gereza, na kwa miaka 25 hatujawahi kuingia. Kamati imekubaliana tuombe ruhusa tukaimbe huko kabla ya mwaka kwisha. Asiye na sare asibaki nyuma.

Leo tutakapoufikia wimbo huo kwenye ratiba, kanisa zima lisimame tuuimbe pamoja, tukikumbuka kwamba aliyelia kwanza hakuwa mwanakwaya.