Burkitt: Daktari aliyefuatilia meno yaliyolegea hadi kwenye saratani

JINO linapouma, wakazi wengi wa Mpwapwa na miji mingine ya nyanda za kati hufikiria mambo mawili: ling'olewe, au mzizi wake usafishwe na kuzibwa. Mara nyingi chanzo ni uambukizo ulioingia ndani ya jino. Lakini mtoto mdogo anapolegea meno kadhaa kwa pamoja huku taya likivimba, tatizo linaweza kuwa si la mizizi ya meno hata kidogo. Aliyeufundisha ulimwengu tofauti hiyo ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka ipatayo 20.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Aliingia chuo kikuu mjini Dublin kusomea uhandisi, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Ombi lake la kwanza la kazi katika utumishi wa makoloni lilikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Hatimaye alipokelewa, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, meno yakiwa yamelegea na uso umeharibika. Uambukizo wa kawaida haushambulii pande nne kwa pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona msichana mwenye uvimbe kama ule, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Burkitt alirudi kwenye kumbukumbu za Mulago na kugundua kwamba uvimbe wa taya na ule wa viungo vya ndani, uliokuwa ukihesabiwa kama magonjwa tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1958. Wataalamu wa maabara walithibitisha baadaye kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili.

Swali lililobaki lilikuwa ugonjwa huo unaishia wapi. Kwa msaada wa pauni 25 tu, alichapa vipeperushi vyenye picha na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Oktoba 7, 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki 10 walisafiri takriban kilomita 16,000, wakipitia Tanganyika hadi Afrika Kusini.

Ramani waliyoichora ilionyesha kuwa ugonjwa unafuata joto na mvua, na kutoweka kwenye milima yenye baridi na maeneo makavu. Hayo ndiyo mazingira ya malaria, ambayo leo inajulikana kuchangia ugonjwa huo. Sampuli alizozituma London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake, mwaka 1964, kuviona virusi vinavyoitwa Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wakati huohuo Burkitt alijaribu dawa badala ya kisu. Uvimbe ulisinyaa kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingoja kifo walipona kabisa. Matokeo hayo yaliwapa madaktari wa nchi nyingine moyo wa kuamini kuwa saratani inaweza kutibika kwa dawa.

Aliondoka Uganda mwaka 1966 na baadaye akajulikana kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki dunia Machi 23, 1993 nchini Uingereza.

Ugonjwa unaobeba jina lake huua ndani ya miezi michache usipotibiwa, lakini watoto wengi hupona wakiwahishwa. Kwa mzazi aliye mbali na hospitali kubwa, somo la Burkitt lingali hai: meno ya mtoto yakilegea ghafla kwenye taya lililovimba, kuyang'oa na kurudi nyumbani ni kupoteza muda ambao mtoto huyo hana.