Ndugu Yohane wa Fiesole, Mchora Picha

Katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za mapadre, masista na makatekista waliolijenga jimbo letu. Labda mtastaajabu kukuta hapa habari za mtu ambaye hakufika Afrika kamwe, tena aliyefariki zaidi ya miaka 500 iliyopita. Sababu yetu ni hii. Katika matayarisho ya Yubilei parokia kadha wa kadha zimetaka kupamba makanisa yao, na walimu wametuuliza mara nyingi swali moja: mchora picha huipata wapi nia ya kuchora? Je, ni kipaji kimshukiacho kama mvua, naye hukaa akingoja? Au ni fedha? Au ni kutaka sifa? Tumeona ni afadhali kusimulia maisha ya mtu mmoja kuliko kutunga hotuba.

Jina lake la kwanza lilikuwa Guido, mwana wa Pietro. Alizaliwa yapata mwaka 1395, au baadaye kidogo, karibu na mji mdogo wa Vicchio, katika bonde la Mugello, upande wa kaskazini wa Florence katika nchi ya Italia. Mwaka 1417 jina lake laonekana katika daftari la chama cha ibada cha walei mjini Florence, naye ameandikwa kuwa mchora picha. Mwaka uliofuata alilipwa ujira kwa kazi aliyoifanya katika kanisa la Santo Stefano. Yaani alikuwa fundi kamili kabla hajavaa kanzu ya utawa. Twaomba jambo hili lisisahauliwe, maana wengi hudhani kwamba alikuwa mtawa mpole aliyechezea rangi saa za mapumziko. Sivyo hata kidogo.

Florence ya siku zile ilikuwa mji wa matajiri, wauza sufi na wenye mabenki. Vyama vya mafundi na wafanya biashara vilishindana kupamba makanisa, na kijana hodari wa rangi aliweza kujipatia mali na jina. Guido aliiacha njia hiyo. Kufika mwaka 1423 alikuwa amekwisha ingia katika nyumba ya Wadominiko huko Fiesole, juu ya kilima kiutazamacho mji, naye akaitwa Fra Giovanni, maana yake Ndugu Yohane. Watawa wa nyumba ile walikuwa wamejirudisha katika kanuni ya kale ya shirika lao: umaskini, kufunga, na sala za usiku na mchana. Ndugu yake wa kuzaliwa, Benedetto, naye aliingia humo, akawa mwandishi wa vitabu vya ibada.

Hapo ndipo swali la walimu wetu linapokuwa gumu. Tangu siku ya nadhiri zake, fedha zilizolipwa kwa picha zake zilikuwa mali ya nyumba, wala si zake. Jina alilokuwa ameanza kujulikana nalo aliliweka kando. Basi ni nini kilichobaki cha kumsukuma? Angeweza kuziweka rangi chini, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini akachora kuliko zamani.

Sisi twaona kwamba jibu limo katika shirika lenyewe. Mtakatifu Dominiko aliwakusanya watu ili wahubiri, na kila aingiaye huulizwa atahubiri kwa kipawa gani. Wengine walipanda mimbari, na wengine walifundisha vyuoni. Ndugu Yohane hakuwa na hotuba zilizobaki, ila alikuwa na ukuta na ubao, nao wakubwa wake wakampa kazi hiyo kama walivyompa mwingine kazi ya kusomesha. Hakuchora baada ya kumaliza utawa wake wa siku ile. Kuchora kulikuwa sehemu ya utawa wake.

Wala tusidhani kwamba alidharau vitu vizuri. Picha aliyoichora yapata mwaka 1425 kwa ajili ya kanisa la nyumba yake ya Fiesole, ya Malaika Gabrieli akimpasha Bikira Maria habari, imejaa dhahabu na bustani yenye majani na maua, na pembeni Adamu na Eva wanafukuzwa. Siku hizi iko Madrid, katika nchi ya Hispania. Rangi ya buluu iliyo bora kabisa nyakati zile ilitokana na jiwe lililochimbwa katika milima ya Afghanistani, likasafirishwa nchi kavu na baharini, likasagwa na kusafishwa kwa taabu nyingi. Bei yake ilikaribia bei ya dhahabu. Ndugu Yohane aliijua kazi yake na thamani ya vifaa vyake.

Mwaka 1433 chama cha wauza kitani cha Florence kilimwagiza picha kubwa ya Bikira Maria na Mtoto, iwekwe ndani ya marumaru iliyopangwa na Lorenzo Ghiberti, mchongaji mashuhuri. Mapatano yake yapo mpaka leo. Bei ilikuwa florini 190 za dhahabu, kisha likaongezwa neno kwamba atatwaa hizo au pungufu, kadiri dhamiri yake itakavyoona ni haki. Sisi tuliokwisha kukaa na mafundi na daftari la hesabu za ujenzi tumelisoma neno hilo mara mbili. Wafanya biashara si watu wa kuachia dhamiri ya fundi hesabu zao, isipokuwa wanaijua dhamiri hiyo.

Sasa tuingie katika kazi yake iliyo kuu. Mwaka 1436 Wadominiko wa Fiesole walipewa nyumba ya San Marco ndani ya mji wa Florence. Ilikuwa mbovu, nusura ianguke. Cosimo de' Medici, tajiri aliyeutawala mji pasipo kuitwa mfalme, akatoa fedha, na Michelozzo akaijenga upya. Ndugu Yohane, pamoja na wasaidizi wake, mmoja wao akiwa kijana Benozzo Gozzoli, akapewa kuta.

Ghorofani kuna vyumba zaidi ya 40 vya watawa, vidogo, kila kimoja na dirisha dogo. Katika kila chumba, ubavuni mwa dirisha, imechorwa picha moja. Mtawa aliyelala humo hakuwa na pambo lingine. Apandaye ngazi, kabla hajafika vyumbani, hukutana kwanza na picha kubwa ya Malaika na Bikira, na chini yake maandishi yanayomkumbusha apitaye asiache kumsalimu Maria.

Twaomba msomaji atulie kidogo katika chumba cha tatu. Picha yake ni ile ile ya Malaika na Maria, kama ile iliyoko Madrid, lakini kila kitu kimeondolewa. Hakuna bustani, hakuna Adamu. Kipo chumba kitupu, cheupe, chenye dari ya mviringo, kinachofanana na chumba cha mtawa mwenyewe. Malaika amesimama, Maria ameinama, na nje kidogo amesimama Mtakatifu Petro Mfiadini wa shirika lao, mikono pamoja, akitazama. Mkono ni ule ule uliochora majani na dhahabu ya Fiesole. Kwa nini basi ameyaacha? Kwa sababu picha ya kwanza ilipaswa kusimama mbele ya kusanyiko lote, na hii ilikuwa ya mtu mmoja aamkaye usiku wa baridi kusali peke yake. Mtu yule hakuhitaji kupendezwa, alihitaji kusaidiwa.

Katika chumba cha saba ameonyesha Kristo akidhihakiwa, macho yamefungwa kitambaa. Askari hawaonekani. Kuna kichwa kimoja kinachotema mate, na mikono inayopiga, isiyo na miili. Chini wameketi Maria na Mtakatifu Dominiko. Maria ameshika shavu, na Dominiko anasoma kitabu. Wako waliosema kwamba ni picha ya ajabu. Kwetu sisi ni picha ya mwalimu ajuaye kazi yake: hakumaliza kila kitu, amemwachia mtazamaji ayaone mengine moyoni mwake, kama Dominiko ayaonavyo katika kitabu.

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachora picha wa Italia, asimulia kwamba Ndugu Yohane hakushika brashi bila kusali kwanza, kwamba machozi yalimtoka kila alipomchora Bwana msalabani, na kwamba hakusahihisha kazi yake, kwa kuamini kuwa ndivyo Mungu alivyotaka. Vasari alizaliwa mwaka 1511, zaidi ya miaka 50 baada ya mtu huyu kufa, kwa hiyo maneno yake tuyapime. Sala twaisadiki, kazi yenyewe yaishuhudia. Lakini juu ya kutosahihisha, fundi yeyote wa chokaa atatabasamu. Picha za ukutani kama zile hupakwa juu ya chokaa mbichi. Asubuhi hupakwa sehemu itakayotosha kwa siku moja tu; rangi huingia ndani chokaa ingali na maji, na ikikauka zimeshikamana. Mwenye kukosea sharti abomoe na kupaka tena. Basi mtu wa namna hiyo hawezi kungoja mpaka moyo umsukume: chokaa haingoji. Huamka amekwisha jua atakalolichora. Sala zake za usiku zilimtayarisha kwa saa ile kuliko machozi.

Yapata mwaka 1445 Papa Eugenio IV alimwita Roma. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1447 alianza kazi katika kanisa kuu la Orvieto, asiimalize. Luca Signorelli aliiendeleza zaidi ya miaka 50 baadaye. Katika jumba la Vatikano alimchorea Papa Nikolao V kikanisa chenye maisha ya Watakatifu Stefano na Laurenti, ambacho kingali kipo. Inasimuliwa kwamba Papa alitaka kumfanya Askofu Mkuu wa Florence, naye akaomba aachwe, akamtaja mtawa mwenzake Antonino. Yaliyo hakika ni kwamba Antonino, aliyekuwa mkubwa wa San Marco, alipewa uaskofu huo mwaka 1446, na baadaye akatajwa mtakatifu. Ndugu Yohane mwenyewe hakukataa kila mzigo. Mwaka 1450 alifanywa mkubwa wa nyumba ya Fiesole, akaishika kazi hiyo yapata miaka miwili.

Alifariki Roma mwaka 1455, akazikwa katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva. Jiwe la kaburi lake lamwonyesha amelala katika kanzu ya shirika. Jina la Angelico, yaani wa kimalaika, alipewa na watu baada ya kufa kwake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri mwaka 1982, na mwaka 1984 akamfanya msimamizi wa wasanii.

Nyumba ya San Marco ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1869, na tangu hapo watu wa mataifa yote hupanda ngazi zile na kuchungulia vyumba. Kabla ya hapo, kwa muda wa miaka 400 na zaidi, picha ya chumba cha tatu ilionwa na mtawa aliyelala humo, na baada yake na mtawa aliyerithi kitanda chake.