Kimathi: Mtunza kumbukumbu wa Bunge la msituni

WENGI humkumbuka Dedan Kimathi wa Waciuri kwa bastola, koti la ngozi ya chui na nywele zilizosokotwa. Ni wachache wanaomkumbuka kwa daftari. Hata hivyo, shujaa huyo aliyenyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957, alikuwa mtu wa kalamu kabla ya kushika silaha, na hata alipoishika hakuiweka kalamu chini.

Alizaliwa Oktoba 31, 1920, eneo la Tetu, Nyeri. Alisomea Karuna-ini, kisha akaingia shule ya misheni ya Waskoti ya Tumutumu, karibu na mji wa Karatina. Karo ilikuwa shida, hivyo akawa akiokota mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu. Alipenda lugha ya Kiingereza, na midahalo akaipenda zaidi. Hakudumu shuleni, wala jeshini alikojiunga wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wala katika kazi nyingi alizozishika baadaye, ualimu Tumutumu ukiwa mojawapo. Kazi iliyomfaa ni ya ukatibu. Kufikia mwaka wa 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 20 mwaka huo, Kimathi aliingia msitu wa Nyandarua, akaenda na mazoea yake ya ukarani. Mnamo Agosti 1953, viongozi wa wapiganaji walipokutana Mwathe, waliunda Baraza la Ulinzi la Kenya. Vikosi vilitakiwa viwe na orodha ya wapiganaji wao, habari za mapigano na majina ya waliouawa.

Februari 1954 baraza hilo lilipisha chombo kilichoitwa Bunge la Kenya, Kimathi akiwa kiongozi wake. Wiki chache kabla yake, Waruhiu Itote, yaani Jenerali China aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, alikuwa amejeruhiwa na kutekwa. Jijini Nairobi, Waafrika waliokuwa katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwa wameteuliwa. Hakuna aliyekuwa amechaguliwa kwa kura. Kwa hiyo jina hilo la Bunge lilikuwa dai zito: kwamba wenye haki ya kuitungia nchi sheria walikuwa chini ya mianzi ya Nyandarua.

Lakini Bunge lisilo na maandishi ni mkutano tu, na Kimathi alilielewa hilo mapema. Kazi ambayo katika Bunge la kawaida hugawanywa kati ya spika, karani na mkutubi iliwaangukia yeye na wasaidizi wachache waliosoma, mashuhuri wao akiwa Karari Njama, mwalimu wa Nyeri ambaye baadaye, mwaka wa 1966, alisimulia maisha hayo katika kitabu alichoandika pamoja na Donald Barnett. Hawakuwa na jengo wala rafu. Karatasi zilibebwa mgongoni kutoka kambi hadi kambi, nyingine zikafichwa mapangoni, katika msitu wa mvua na ukungu ambao ndege za Uingereza ziliushambulia kwa mabomu. Kimathi aliziona karatasi hizo kuwa urithi wa kizazi ambacho kingetaka kujua nani alifia nini.

Uangalifu huo ulikuwa na gharama. Orodha ya majina ikiangukia mikononi mwa adui huwa ramani ya kuwasaka watu, na polisi wa ujasusi, akiwemo Ian Henderson aliyeongoza msako dhidi ya Kimathi, walizichambua hati zilizonaswa kwa makini makubwa.

Tena, kalamu iliwagawa wapiganaji wenyewe. Stanley Mathenge, ambaye heshima yake miongoni mwa wapiganaji haikupungua ile ya Kimathi, alijitenga na Bunge hilo. Waliomfuata walijiita Kenya Riigi, na wengi wao hawakuwa wamesoma. Waliona kwamba wenye kujua kuandika walikuwa wakijipa vyeo na kuwatawala wenzao kwa karatasi. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Kimathi alikuwa mkali, mwenye kushuku, na kufikia 1955 mgawanyiko huo ulikuwa umeudhoofisha uongozi wa Nyandarua pakubwa.

Alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, ukingoni mwa msitu upande wa Nyeri. Novemba alishtakiwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kupatikana na bastola na risasi, akahukumiwa kifo. Usiku wa kuamkia kunyongwa aliomba kalamu tena. Alimwandikia padri wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri, akimwomba mamake atunzwe na mwanawe asomeshwe.

Majuma matatu baadaye, Machi 1957, Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika Mkoa wa Kati, ambako mpiga kura alihitaji cheti cha uaminifu kwa serikali, Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia humo mwaka wa 1944.

Karatasi za msituni zilitawanyika. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alizitafuta kwa miaka mingi, akafungwa mwaka wa 1982 kwa kosa la kupatikana na maandishi ya uchochezi, na mkusanyiko wake wa hati za Kimathi ukachapishwa London mwaka wa 1987 akiwa bado gerezani. Faili ya kesi ilidhaniwa kuwa imepotea. Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo walipoandika tamthilia yao ya 1976, inayofahamika kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, hawakuwa nayo. Kumbukumbu za kesi hiyo zilitokea kitabuni mwaka wa 2017. Kabla ya hapo, mwaka wa 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau iliilazimu Uingereza kukiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park faili takriban 1,500 zilizoondolewa Kenya wakati wa uhuru.

Sanamu yake ilizinduliwa Nairobi Februari 18, 2007, na chuo kikuu cha Nyeri kikapewa jina lake. Kaburi lake ndani ya Kamiti halina alama. Mkewe, Mukami, aliyewaomba viongozi mmoja baada ya mwingine wamwonyeshe mahali hapo, alifariki Mei 4, 2023 bila kuonyeshwa.