Von Neumann na Njia Nyembamba ya Kompyuta

Nilipokuwa karani kijana, faili zote zilikaa masjala, orofa ya chini, nasi wapiga hesabu tulikaa orofa ya tatu. Tarishi alikuwa mmoja tu. Alishuka, akapanda, akashuka tena, nasi tukimngoja kalamu mkononi. Sikujua kwamba hata kompyuta ina tarishi wake, mpaka niliposoma habari za marehemu John von Neumann.

Bwana huyu alizaliwa Budapest, nchini Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903. Mwaka 1930 alikwenda kufundisha hisabati Princeton, Marekani. Mwaka 1944, katika stesheni ya reli ya Aberdeen, afisa wa jeshi Herman Goldstine alimdokezea kuwa huko Philadelphia inaundwa mashine ya kupiga hesabu kwa umeme, ENIAC. Hamu ikamshika.

ENIAC ilikuwa na mirija ya kioo ipatayo 18,000, lakini kuipa kazi mpya kulitaka nyaya zichomolewe na kuchomekwa upya, kazi ya siku kadhaa. Juni 1945 ikatokea ripoti yenye jina la von Neumann peke yake: maagizo na takwimu vikae pamoja katika ghala moja, na sehemu ya kupiga hesabu ikae kando, ikichota humo kidogo kidogo. Eckert na Mauchly, waundaji wa ENIAC, walinung'unika sana, maana mawazo hayo waliyajadili pamoja naye. Mimi nawahurumia hata leo.

Mpango huo ulienea duniani kote. Ila njia ya kutoka ghalani ilibaki nyembamba. Mwaka 1970 Harold Stone alipendekeza hesabu zifanyiwe mle mle ghalani. Mwaka 1977 John Backus aliilaumu njia ile hadharani, akaifananisha na shingo ya chupa na kuipa jina la von Neumann. Miaka ikapita. Mwaka 2021 kampuni ya Samsung ilitangaza chipu za kumbukumbu zenye sehemu ndogo za kupiga hesabu ndani yake, kwa kuwa kusafirisha takwimu kwaweza kula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe. Yaani karani kateremshwa masjala!

Von Neumann hakuyaona hayo. Saratani ilimwua mjini Washington tarehe 8 Februari 1957, akiwa na miaka 53. Aliacha mihadhara ambayo hakuimaliza, akilinganisha kompyuta na ubongo wa binadamu. Ilichapishwa kitabu mwaka 1958.