Josiah Wedgwood na vyungu vya bibi

Wenzangu wa mwaka wa kwanza, gharama zisizobadilika huwa zinaingia kichwani usiku wa kuamkia mtihani na kutoka asubuhi yake. Mimi zilinikaa baada ya kuyasoma maisha ya mfinyanzi mmoja Mwingereza, Josiah Wedgwood.

Alizaliwa Burslem mwaka 1730, kitinda mimba katika nyumba ya wafinyanzi. Utotoni aliugua ndui, goti likaharibika, na mwaka 1768 mguu ukakatwa. Hakusimama. Mwaka uliofuata akafungua kiwanda cha Etruria, na vyombo vyake vikafika hadi mezani kwa malkia.

Mwaka 1772 mabenki ya Uingereza yakayumba. Ghala limejaa, fedha hakuna. Hapo akakaa chini na vitabu vya hesabu, akafuatilia kila chombo kimekula nini: udongo, makaa, ujira, kalibu, pango, mishahara ya makarani. Kumbe karani wake mkuu alikuwa anamwibia! Ila kilichomfaa zaidi ya kumnasa mwizi ni kugundua kwamba kalibu, pango na makarani vilimla kiasi kilekile, atengeneze vyombo mia au elfu. Basi akaongeza idadi, mzigo ule ukagawanyika kwa vyombo vingi, akashusha bei ili na watu wa kawaida wanunue. Biashara ikapona.

Likizo ile nikapanda Newala na elimu yangu mpya. Bibi yangu anafinyanga vyungu. Nikamshauri atengeneze vingi, ashushe bei. Akanisikiliza, si nimesoma?

Sasa bibi hana pango, hana karani, hana kalibu. Kila chungu kinakula udongo wake, kuni zake na maji yake, na maji ya Newala mnayajua: bomba likikauka, ni kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, au kununua. Vyungu thelathini vilikula mara tatu ya vyungu kumi, na bei nimeshaishusha mpaka inagusa gharama ya chungu chenyewe. Msimu ule bibi alichoka mara tatu na akabaki na hela pungufu kuliko mwaka wa nyuma. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama huyo Mzungu wangu alikuwa anachota maji mwenyewe.

Kitu kimoja Wedgwood hakukitafutia faida. Mwaka 1787 alitengeneza medali ndogo yenye picha ya mtumwa aliyepiga magoti kwenye minyororo, akazigawa bure kwa waliopinga biashara ya watumwa. Alifariki Januari 1795, biashara hiyo ikiwa bado halali kwao. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1807. Huku kwetu iliendelea muda mrefu zaidi. Ilikuwa 1876 Askofu Steere alipotoka Unguja na kundi la watu walioachwa huru, wakafika Masasi, wakajenga hapo.